Kitabu cha Mfalme wa Manjano hakikumwambia mama aache metformin

Swali: "Mama yangu ana miaka 61. Ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa, na ana presha pia. Alikuwa anameza metformin asubuhi na jioni pamoja na kidonge cha presha. Miezi miwili iliyopita alikwenda kwenye semina ya afya, akashikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, akaambiwa bandama lake limechoka na figo zina baridi. Mtoa semina alisema tiba ya Kichina imeandikwa kwenye kitabu cha Mfalme wa Manjano cha miaka 5,000, kwamba vidonge vya hospitali vinazima dalili tu na vinaua figo, ila tiba hiyo inang'oa chanzo. Mama akanunua dozi ya siku 90: chai ya mizizi na vidonge vidogo vyeusi. Metformin ameiacha, cha presha anaendelea nacho. Kinachonichanganya ni kwamba sukari imeshuka kweli. Asubuhi ilikuwa 11 au 12, sasa ni 5. Lakini wiki iliyopita mara mbili ameamka alfajiri anatetemeka, jasho limelowesha shuka, na mara ya pili hakuwa ananiitikia vizuri. Muuzaji anasema hizo ni sumu zinatoka. Je, vitabu hivyo vipo kweli? Vinasema nini kuhusu sukari? Na nimwambie nini mama, maana kila nikifungua mdomo ananiambia nimesoma vya Wazungu tu?"

Dada, vitabu tutavifikia. Kwanza alfajiri ile. Mtu mwenye kisukari akiamka anatetemeka, amelowa jasho na haitiki sawasawa, sukari yake imeshuka mno, na ndivyo uichukulie mpaka mashine ya kupimia ikuonyeshe namba nyingine. Hakuna sumu inayotoka mwilini kwa njia hiyo. Ubongo unakula sukari iliyomo kwenye damu saa zote, hata tukiwa usingizini. Sukari ikipungua mwili unapiga mbiu: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamwagika. Ikizidi kupungua, akili yenyewe inaanza kuzimika. Mama yetu alishafika kwenye hatua hiyo ya pili, na wapo ambao hawakuamka.

Kwa hiyo vidonge vyeusi visimame leo. Asilale peke yake siku mbili tatu hizi. Mpime kabla ya kulala, na umwamshe saa tisa usiku umpime tena. Ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, anywe, subiri dakika 15, upime tena. Ikishapanda mpe kitu cha kushika tumbo, uji au mkate. Akiwa hajitambui usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali usiku huohuo. Na kesho asubuhi, hata akiamka mzima kabisa, aende kliniki na mfuko wa dawa zote mkononi.

Sababu ya kusisitiza vidonge vyeusi ni hii. China kuna dawa iliyosajiliwa inayoitwa Xiaoke Wan, yaani vidonge vya xiaoke, jina la kale la ugonjwa unaofanana na kisukari. Ni vidonge vidogo, vyeusi. Ndani mna mizizi na mimea kadhaa, na mna glibenclamide, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, miligramu 0.25 katika kila kidonge. Mtu akimeza kumi mara tatu kwa siku, amemeza miligramu 7.5 za dawa ya hospitali, tena kiwango kizito. China hilo si siri, liko kwenye orodha ya viambato na daktari analijua. Tatizo ni pale dawa ya namna hiyo inapovuka bahari, inabadilishiwa chupa na kupewa jina la "mizizi mitupu". Kuna hali mbaya zaidi ya hapo. Mwaka 2008 huko Singapore zaidi ya watu mia, ambao hata kisukari hawakuwa nacho, walifikishwa hospitali kwa kushuka sukari, na wengine walikufa, baada ya kumeza vidonge haramu vya nguvu za kiume vilivyochanganywa na glibenclamide hiyohiyo.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda nyumbani kwenu. Mama aliacha metformin, sukari ilipaswa kupanda. Badala yake ilishuka zaidi ya nusu, kisha ikazama alfajiri. Chai ya mizizi haina kawaida ya kufanya hivyo. Glibenclamide inayo. Hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala, na nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi, hasa kwa mtu mzima ambaye figo zimeanza kuchoka. Metformin kazi yake ni nyingine kabisa, hulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Kidonge chenyewe sijakishika, kipimo cha maabara ndicho kitakachosema. Ila ningekuwa nimekaa na mama sebuleni ningemwambia waziwazi: huenda ile 5 unayoishangilia imeletwa na kidonge cha hospitali, kimefichwa ndani ya kidonge cheusi, bila daktari wa kukupimia kiasi.

Tuje kwenye vitabu. Umeuliza kama vipo, na nikikusoma vizuri unaogopa mambo mawili kwa pamoja. Unaogopa mama anadanganywa, na unaogopa pia kwamba ukilikataa lote utakuwa umedharau elimu ya watu wengine bila kuijua. Hofu ya pili inakupa heshima. Mimi nimesomea famasia ya mimea China, na mwaka mzima kitabu hicho kilikuwa somo letu la asubuhi, mstari kwa mstari. Nakipenda. Ndiyo maana naumia kikitumiwa kumwachisha mgonjwa dawa.

Kinaitwa Huangdi Neijing. Kina sehemu mbili, Suwen na Lingshu, kila moja sura 81, na kimeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo: Mfalme wa Manjano anauliza, na wajuzi wake, hasa mmoja anayeitwa Qi Bo, wanamjibu. Miaka 5,000 lakini hakina. Mfalme wa Manjano ni mtu wa masimulizi, Wachina humhesabu kama babu yao, na mapokeo humweka takriban miaka 2,700 kabla ya Kristo. Waliokiandika kitabu waliishi muda mrefu sana baadaye. Ni kazi ya mikono mingi, iliyokusanywa katika karne za mwisho kabla ya Kristo, na jina la mfalme likawekwa juu yake kukipa uzito. Suwen tunayoisoma leo ilipangwa upya na kufafanuliwa na Wang Bing, aliyemaliza kazi hiyo mwaka 762 BK.

Kuna ushahidi mmoja wa udongoni ninaoupenda sana. Mwaka 1973, pale Mawangdui katika mji wa Changsha, wachimbuaji walifungua kaburi lililofungwa mwaka 168 KK. Ndani walikuta maandishi ya tiba juu ya hariri. Maandishi hayo yanataja njia 11 zinazopita mwilini. Neijing inataja 12. Tiba ya njia hizo ni kuchoma ngozi kwa majani makavu yanayofuka moshi, na sindano bado hazijaingia. Hariri nyingine kutoka kaburi hilohilo ina mapishi ya dawa za maradhi 52, bawasiri na kung'atwa na nyoka yakiwemo, na kati ya dawa zimo kafara na maneno ya kufukuza pepo. Maana yake ni kwamba tiba hii haikushuka ikiwa imekamilika. Watu walijaribu, wakaongeza, wakaacha, wakapingana. Muuzaji anayesema "haijabadilika miaka 5,000" anadhani anaisifu, kumbe anawanyang'anya wale waganga kazi yao yote.

Kuhusu sukari, hapa utashangaa, kwa sababu kitabu kinalo jambo la kusema na ni zuri. Sura ya 47 ya Suwen inaeleza hali ambayo mtu anasikia utamu mdomoni. Qi Bo anasema mtu huyo bila shaka amezoea vyakula vitamu na vya mafuta: mafuta yanazalisha joto ndani, utamu unajaza tumbo, na mwisho hali inageuka kuwa xiaoke, ugonjwa wa kiu na kuisha mwili. Fikiria, miaka 2,000 na zaidi iliyopita, bila hata tone la kemikali la kupimia mkojo, mtu ameona kwamba ugonjwa wa kiu unawafuata wanaokula kwa anasa. Karne ya saba BK madaktari wa China walishaandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu. Na Sun Simiao, ambaye kitabu chake cha mapishi ya thamani ya dhahabu kilitoka miaka ya 650, aliwaonya wenye xiaoke wajihadhari na mambo matatu: pombe, kitanda (yaani tendo la ndoa), na vyakula vya chumvi pamoja na vya unga wa ngano. Ukiliondoa lile la kitanda, hiyo ni karatasi ya ushauri wa lishe anayopewa mama kliniki kila miezi mitatu.

Dawa waliyoitaja kwenye sura ile ya 47 ni moja tu, mmea wenye harufu nzuri uitwao lan, wa kuondoa kile walichokiita hewa iliyochacha. Basi. Hakuna chai ya mizizi kumi na miwili. Na kwa jumla Neijing nzima, kwa hesabu ya kawaida ya wasomi wake, ina mapishi 13 tu ya dawa. Tiba yake kubwa ni sindano, na mafundisho ya kuishi. Mtu akikuambia dozi yake ya siku 90 imetoka kwenye kitabu cha Mfalme wa Manjano, muulize kwa upole ni ipi kati ya zile 13.

Vitabu vya mapishi ni vingine. Kuna cha Zhang Zhongjing cha mwanzoni mwa karne ya tatu, aliyeeleza katika utangulizi wake kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na katika miaka isiyofika kumi theluthi mbili walikufa, wengi wao kwa homa. Aliandika akiwa na msiba mzito kifuani, na mapishi yake bado yanatumika China leo. Kuna pia kile cha dawa 365 kinachopewa jina la Shennong, mfalme mwingine wa masimulizi, ambacho hugawa dawa katika madaraja matatu. Huko daraja la juu kabisa, la dawa zinazodaiwa hazina sumu na zinarefusha maisha, ya kwanza kutajwa ni jiwe jekundu la sinaba. Sinaba ni zebaki iliyoungana na salfa. Wafalme kadhaa wa enzi ya Tang wanaaminika walikufa kwa kumeza dawa za kutokufa zilizopikwa kwa mawe ya aina hiyo. Nakutajia hili kwa sababu moja: kuandikwa kwenye kitabu cha kale hakukifanyi kitu kuwa salama, na madaktari wa China wenyewe waliligundua hilo kwa misiba.

Tuje kwa bandama, kwa sababu hapo ndipo mama amekamatwa. Neno la Kichina ni pi, na kwa kawaida tunalitafsiri bandama. Lakini pi ya Neijing ni zaidi ya kile kiungo cha chini ya mbavu za kushoto kinachovimba kwa malaria. Kitabu kinauona mwili kama dola. Moyo ndiye mfalme, ini ni jemadari, mapafu ni waziri, na pi pamoja na tumbo la chakula ni maafisa wa ghala: wanapokea nafaka, wanaipika, wanagawa nguvu yake kila mahali. Ni jina la kazi, kazi nzima ya kusaga na kusambaza chakula. Kongosho, ambalo sisi tunajua ndilo linalotengeneza insulini, halimo kabisa katika hesabu ya viungo vya Neijing. Kwa hiyo daktari wa Kichina akisema "pi yako imechoka" anasema kwamba unachokula hakigeuki kuwa nguvu inavyopaswa, na kwa mgonjwa wa kisukari hajakosea sana. Shida inaanza maneno hayo yanapotafsiriwa neno kwa neno kwenye semina. Mama anaelewa kwamba ana kiungo kibovu ambacho hospitali haikukiona kwa miaka tisa. Hivyo hivyo na "figo zina baridi". Figo za kwenye kitabu zinabeba uzazi, mifupa, uzee na ujasiri, na baridi yake haipimwi kwa kipimajoto wala haiko kwenye karatasi ya maabara. Figo za mama zenyewe zina kipimo chake, kinaitwa kreatinini, na nitakirudia.

Kile kifimbo cha kompyuta nacho hakina ukoo wowote na vitabu hivi. Uchunguzi wa Kichina ni kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, na kugusa. Sura ya 78 ya Suwen inawakaripia madaktari wazembe, na maneno yake nimeyashika tangu darasani: mganga asipouliza ugonjwa ulianzaje, wasiwasi wa mgonjwa, ulaji wake, mapumziko yake, au kama amedhurika na sumu, akadaka tu mshipa wa mkononi, ataupata ugonjwa gani? Mama aliulizwa anameza dawa gani? Aliulizwa alikula nini usiku? Kama hapana, amehudumiwa na mtu ambaye Neijing yenyewe ingemfukuza darasani.

Halafu lile la kutibu chanzo kabla ya ugonjwa. Limo kweli, sura ya pili ya Suwen: wenye hekima hawangoji ugonjwa ufike ndipo wautibu, kwa kuwa kumeza dawa wakati ugonjwa umeshakomaa ni sawa na kuchimba kisima wakati kiu imekubana, au kufua mikuki vita vikiwa vimeanza. Ni mfano mzuri, na Wachina wengi wanaujua. Lakini usome kwa hali ya mama. Kisukari tayari anacho. Kisima chake cha kuchimba mapema ni macho, figo, moyo na miguu, viungo ambavyo sukari ya 11 na 12 inaviharibu taratibu kwa miaka bila maumivu. Kidonge kinachoishusha kila siku, presha inayodhibitiwa, chumvi iliyopunguzwa na kukaguliwa miguu ndivyo kutibu kabla kwa mtu wa miaka tisa ya kisukari. Anayemwachisha hayo anamngojesha kiu.

Mama anaamini pia kwamba upande mmoja kuna mimea na upande mwingine kuna kemikali. Mwambie metformin ilianzia kwenye mmea. Ulaya kulikuwa na mmea uitwao galega ambao kwa karne nyingi ulitumika, pamoja na mambo mengine, kwa watu wenye dalili za kukojoa sana. Wanakemia walikuta kiambato chake kinashusha sukari lakini kina sumu, wakatafuta ndugu zake walio salama zaidi. Metformin ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa. Na dawa mseto ya malaria ambayo mimi na wewe tumeimeza imetoka China, kwenye kitabu cha kale. Karne ya nne, Ge Hong aliandika dawa ya homa za vipindi: chukua konzi moja ya qinghao, loweka katika maji, kamua, kunywa maji yake. Qinghao ni mmea wa jamii ya pakanga. Profesa Tu Youyou, akifanya kazi katika mradi wa serikali ulioanzishwa Mei 1967, alipitia na wenzake mapishi zaidi ya 2,000. Walipochemsha qinghao majibu yalikuwa yanayumba. Aliporudi kwa Ge Hong akaona neno: kamua. Hakusema chemsha. Akaanza kuitoa dawa kwenye mmea kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata kitu kilichomaliza vimelea vya malaria kwa panya na nyani. Alikimeza yeye mwenyewe na wenzake kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Angalia alivyokitendea kitabu. Alikiheshimu kiasi cha kusoma kila neno, kisha akakipeleka maabara. Kati ya mapishi yale 2,000, yaliyomfikisha kwenye dawa ni moja. Na leo Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani hayohayo, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki.

Sitaki uondoke hapa ukidhani naichukia mizizi. Niliishi nayo. Duka la dawa China lina ukuta mzima wa droo ndogo, na mfamasia anapima kwa mizani ya mkononi, anamwaga kwenye karatasi, anarudia kusoma cheti. Siku moja mwalimu wetu alitumwagia mezani vipande vya mizizi miwili, yote imekatwa duara, rangi ya kijivu iliyopauka, kila kipande kina mistari inayotoka katikati kama spoku za baiskeli. Akatuambia tuitenganishe. Darasa zima tulichanganya. Yote miwili inaitwa fangji. Mmoja ni mmea wa Stephania. Wa pili ni Aristolochia, wenye asidi inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels ilitumia ule wa pili ikidhani ni wa kwanza. Zaidi ya wanawake mia waliharibika figo, wengi wakaishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Wao waliingia na figo nzima. Mama ana miaka tisa ya kisukari.

Kwenye chai yake kuna jambo lingine la kuchunguza, gancao, mzizi mtamu ambao Zhang Zhongjing aliutia kwenye mapishi yake mengi. Ni dawa nzuri ya kupatanisha dawa nyingine, lakini ukinywewa kila siku kwa wiki nyingi huufanya mwili uzuie chumvi na kupoteza potasiamu, presha ikapanda. Kwa hiyo mpime na presha.

Kuhusu metformin na figo, uvumi huu nausikia kwenye dirisha la dawa kila wiki. Metformin haiharibu figo. Kinachoziharibu ni sukari na presha. Figo zikishachoka kwa sababu hizo, daktari hupunguza metformin au kuiondoa, kwa kuwa inatoka mwilini kupitia humo. Mgonjwa anaona imeondolewa, anahitimisha ndiyo iliyomharibu. Madhara inayo, na mama ana haki ya kuyalalamikia. Inasumbua tumbo, na ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 mpaka miguu ikafa ganzi. Akisema imemchosha, msikilize. Kuna ya kutolewa taratibu, kuna kuimeza na chakula, kuna dawa nyingine. Hayo yanazungumzika kliniki.

Je, kuna namna ya kuzitumia dawa za Kichina pamoja na za hospitali? Ipo. China kwenyewe ndivyo inavyofanyika kila siku, hospitali moja, daktari wa pande zote mbili, mgonjwa anapimwa damu. Kuna viambato vinavyoahidi, kwa mfano berberini kutoka mzizi mchungu wa huanglian; tafiti za wagonjwa zinaonyesha inashusha sukari kiasi, ila nyingi ni ndogo, na inagombana na baadhi ya dawa nyingine. Kwangu bado haitoshi kuchukua nafasi ya kidonge kilichopimwa kwa miongo mingi. Mama akitaka sindano za Kichina kwa maumivu ya magoti, kwa mtu mwenye cheti na sindano za kutumia mara moja, sina neno. Akitaka chai, iwe na majina ya mimea yote kwenye pakiti, namba ya usajili, na daktari wake ajue. Kama uko Tanzania, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili waganga na dawa zao, na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hupokea taarifa za dawa zenye mashaka. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kimoja kati ya hivyo, hata akiwa mpole namna gani, arudishiwe mzigo wake.

Kwa mama usiende na hoja ya Wazungu. Nenda na Wachina. Mtengenezee uji wake usio na sukari, kaa naye, umwambie umeulizia kile kitabu kwa mtu aliyekisoma, na kweli kinazungumzia ugonjwa wake. Msimulie ya sura ya 47, vitamu na mafuta. Msimulie ya kisima. Kisha msimulie ya Bian Que, tabibu wa kale ambaye mwanahistoria Sima Qian aliandika maisha yake. Humo zimetajwa aina sita za wagonjwa wasiotibika. Mmoja ni anayethamini mali kuliko mwili wake, mwingine ni asiyekubali kubadili chakula na mavazi, na wa sita ni anayemwamini mpiga ramli akamwacha tabibu. Usimwambie yeye ni yupi. Mwache afikirie mwenyewe yule wa semina ni nani katika hadithi hiyo. Na usimcheke kwa pesa aliyotoa. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye saa nzima akimweleza mwili wake, na sisi wa kliniki mara nyingi tunampa dakika nne.

Kesho kliniki waombe vitu vitatu: kreatinini ya figo, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita, na potasiamu. Wakabidhi chupa ya vidonge vyeusi na pakiti ya chai, na waambie tarehe aliyoacha metformin na saa alizotetemeka. Metformin asiirudie kwa kukisia. Wataangalia figo kwanza, na mara nyingi jibu hutoka siku hiyohiyo. Fahamu pia kwamba sukari inaweza kupanda siku chache baada ya vidonge vyeusi kusimama. Akianza kiu kali na kukojoa sana, akatapika, akawa na usingizi usio wa kawaida, au mashine ikaonyesha zaidi ya 15 mara mbili mfululizo, msisubiri miadi. Kidonda mguuni, hata kidogo na hakiumi, nacho ni cha siku hiyohiyo.

Ukipata namba ya kreatinini niandikie, pamoja na maandishi yote yaliyo kwenye chupa. Yakiwa ya Kichina yapige picha, nitakusomea.